Kinachotuzuia sio hataza ya mtu

Juzi nilikuwa gereji moja Tegeta nimepeleka gari kubadilisha breki pedi, pembeni yangu vijana wawili wanakata bomba la eksozi kwa grainda, wakachomoa kile kidude mafundi wanachokiita masega. Kweli kinafanana na sega la nyuki, vitundu vidogo vidogo mamia kwa mamia, rangi ya kijivu, ukikigusa kinakuachia vumbi kwenye vidole. Mwenye gari alikuwa ameambiwa gari halivuti kwa sababu masega yameziba, basi yatolewe, na kumbe kuna jamaa anapita gereji hadi gereji na mzani wake anayanunua. Nikamuuliza fundi hivi unajua mle ndani kuna nini, akanijibu "bro, kuna madini, wanapeleka nje huko", akarudi kwenye kazi yake.

Yuko sahihi, madini yapo, platinamu, paladiamu na rodiamu, kidogo sana, yamepakwa kwenye kuta za vile vitundu. Ila kilichonikaa kichwani siku nzima ni mtu mmoja ambaye alikuwa kati ya wa mwanzo kabisa kuhangaika na wazo la kuweka kichocheo kwenye bomba la moshi, na jina lake ukilitaja hapa mjini hakuna anayelijua. Eugene Houdry, Mfaransa. Kabla hajaanza kusafisha moshi wa magari alikuwa ameshabadilisha namna dunia nzima inavyopata petroli, na hataza zake, yaani zile pateni, haki ya mvumbuzi kuwazuia wengine wasitumie kitu chake kwa miaka kadhaa, zipo mtandaoni mpaka leo, na michoro na maelezo yote, bure, unasoma kwenye simu umelala kitandani.

Nataka kuongea kuhusu hizo hataza kwa sababu kila mjadala wa viwanda vyetu ukianza hakosi mtu anayesema teknolojia ni ya wazungu, wameifungia, hatuwezi kuigusa. Nimelisikia hili kwenye daladala, kwenye magrupu ya WhatsApp, hadi kwa watu waliosoma uhandisi. Zamani nililiamini na mimi. Sasa hivi siliamini tena, na nitaeleza kwa nini kwa kutumia vitu viwili ambavyo vinaonekana havina undugu kabisa, vichocheo vya kusafishia mafuta na shabaha za angani, zile ndege zisizo na rubani zinazorushwa ili wanajeshi wajifunze kulenga.

Tuanze na mafuta. Mafuta ghafi ukiyachemsha yanapanda mvuke kwa ngazi, kwanza gesi, halafu petroli, mafuta ya ndege na ya taa, dizeli, na chini kabisa linabaki lile zito jeusi. Ni kama nazi, umekuna, umekamua, tui umepata, yamebaki machicha. Shida ni kwamba dunia ilipoanza kununua magari kwa fujo ilitaka tui tu, na kwenye kila pipa machicha ni mengi. Mwaka 1913 William Burton wa Standard Oil ya Indiana akapata hataza ya kuyapasua yale mazito kwa joto na presha, molekuli kubwa inavunjika inakuwa ndogo, unapata petroli zaidi. Ilifanya kazi na iliingiza hela nyingi sana, ila petroli yake haikuwa ya hali ya juu na mitambo ilikuwa inajaa masizi.

Houdry akaja na njia nyingine. Huyu alizaliwa 1892, familia ya chuma, Vita vya Kwanza alikuwa kwenye vifaru akajeruhiwa, na alikuwa anapenda mbio za magari kweli kweli, ndo maana shida ya petroli mbovu ilimuuma, alitaka injini zenye nguvu. Akaanza kutafuta kichocheo, kitu ambacho ukikiweka pale mafuta yanapasuka vizuri zaidi na chenyewe hakiliwi. Akajaribu vitu vingi mno, na kilichofanya kazi kilikuwa aina ya udongo ulioshughulikiwa kwa asidi. Udongo jamani. Ufaransa serikali ilimsaidia kwanza, mtambo wa majaribio ukajengwa 1929, halafu wakamwacha. Mwaka 1930 akahamia Marekani na mashine zake, na 1937 kampuni ya Sun Oil ikawasha mtambo mkubwa wa Houdry pale Marcus Hook, Pennsylvania.

Sasa hapa kuna kitu cha kukiangalia kwa karibu. Ule udongo ukipasua mafuta unapakwa masizi ya kaboni, unakuwa mweusi, na ndani ya dakika kama 10 tu unachoka, haufanyi kazi tena. Houdry hakuutupa, alikuwa anafunga mafuta, anapitisha hewa, masizi yanaungua yenyewe, udongo unarudi kuwa mweupe, anafungua mafuta tena. Kwa hiyo mtambo ulikuwa na matangi kadhaa, moja linapasua, lingine linaungua, lingine linasafishwa, na valvu zinafunguka na kujifunga kila baada ya dakika chache mchana na usiku kwenye joto la ajabu. Ukisoma hataza zake unaona sehemu kubwa ya akili ya yule bwana iliingia kwenye hilo zoezi la kufungua na kufunga, kemia yenyewe ni kama mlango wa kuingilia tu.

Standard Oil ya New Jersey, ambao ndo walikuwa wakubwa, wakataka leseni. Bei aliyotaja Houdry wakaiona kubwa mno. Na ninachotaka mkishike ni walichofanya baada ya hapo, maana hawakukaa wanalalamika kwamba tumefungiwa. Mwaka 1938 wakaunda kikundi na wenzao, Standard ya Indiana, Shell, Anglo-Iranian, Texaco, Kellogg, UOP, hata Wajerumani wa IG Farben walikuwemo mwanzoni, kazi yao moja, tupasue mafuta kwa kichocheo bila kukanyaga madai ya Houdry, yaani yale mambo hasa ambayo hataza yake inayalinda. Yaani walichukua hataza yake wakaisoma mstari kwa mstari kama mtu anayetafuta njia ya panya kwenye ukuta wa jirani, wakaona madai yake yamekaa kwenye udongo uliotulia ndani ya tangi. Basi, sisi udongo wetu hautatulia.

Chukua kopo la unga wa ngano litikise halafu liinamishe haraka, utaona unga unatiririka kama maji, kwa sababu hewa imeingia katikati ya chembe. Maprofesa wawili wa chuo cha MIT cha Marekani, Warren Lewis na Edwin Gilliland, walisaidia kuonyesha kwamba ukipuliza gesi kutokea chini kwa kasi inayofaa, unga wa kichocheo unaelea na kutiririka kwenye mabomba kama kimiminika. Kwa hiyo badala ya kufungua na kufunga valvu, unga mchafu unatiririka wenyewe kwenda tangi la kuchomea, masizi yanaungua, unga unarudi wa moto na ule moto wake ndo unapikia mafuta mapya. Mzunguko haukatiki. Mei 1942 mtambo wa kwanza wa namna hii uliwashwa Baton Rouge, Louisiana, vita imepamba moto na ndege za kivita zinataka petroli ya okteni 100, yaani ile isiyojilipukia hovyo ndani ya injini yenye nguvu. Hataza ikatoka Oktoba 1948 kwa majina ya watu wanne, Campbell, Martin, Murphree na Tyson, namba 2,451,804, unaweza kuitafuta saa hizi.

Na mtambo wa Houdry? Ulizidiwa. Miaka michache tu baadaye waliojenga vipya walijenga ule wa unga unaotiririka, na hadi leo huo ndo unaotawala rifainari kubwa duniani. Mimi naiona hii kama hadithi bora kuliko zote za hataza, kwa sababu ukuta wa Houdry ndo uliowalazimisha wengine watafute njia iliyo bora kuliko yake. Angewauzia kwa bei nafuu huenda wangetumia valvu zake kwa miaka mingi.

Baadaye mambo yakaendelea kwa mtindo huo huo. Charles Plank na Edward Rosinski wa Mobil wakaleta zeolaiti, madini yenye matundu yanayolingana kiasi kwamba molekuli inaingia au haiingii kutokana na umbo lake, hataza ikatoka 1964, pipa lile lile likaanza kutoa petroli nyingi zaidi, na kichocheo kilikuwa kikali mpaka ikabidi mitambo yenyewe ichorwe upya iendane nacho. Vladimir Haensel wa UOP naye 1949 akathubutu kutumia platinamu kupandisha okteni ya petroli, kipindi ambacho kuweka madini ya pete za harusi kwenye tangi la mafuta ilionekana ni kupoteza hela, ila alitumia chini ya asilimia 1 na kichocheo kilidumu muda mrefu. Ukiangalia tena yale masega ya gereji, ni platinamu hiyo hiyo.

UOP wenyewe, yaani Universal Oil Products ya Marekani, wana historia inayonigusa sana. Biashara yao kubwa ilikuwa kuuza leseni. Ndo waliokuwa na hataza za mvumbuzi Dubbs za kupasua mafuta na waliwashtaki wakubwa mahakamani kwa miaka, mpaka 1931 kampuni kadhaa kubwa zikaamua kuwanunua ili ugomvi uishe, na 1944 zikaikabidhi UOP iwe mfuko kwa faida ya Jumuiya ya Kemia ya Marekani. Kwa hiyo mrabaha wa hataza za mafuta ukawa unalipia utafiti vyuoni. Mara ya kwanza nimesoma hilo nilirudia mara mbili.

Sasa tuje nyumbani. Rifainari ya Changamwe, Mombasa, ilijengwa na Shell na BP, ikaanza kazi 1963, na mtambo wa pili ukaongezwa 1974. Vijana wengi wa Mombasa wa umri wangu wana baba au mjomba aliyefanya kazi pale. Mwaka 2009 Essar wa India wakachukua nusu ya hisa, mipango ya kuboresha ikatangazwa, na 2013 usafishaji ukasimama, yakabaki matangi ya kuhifadhia. Kigamboni kwetu TIPER ilishapita njia hiyo hiyo mapema zaidi. Na ukiuliza sababu, mtu wa kwanza atakwambia ufisadi, wa pili atakwambia mabeberu.

Mimi nakwambia angalia mtambo wenyewe ulikuwa na nini. Changamwe ilikuwa na mnara wa kuchemshia, ilikuwa na sehemu ya kuondolea salfa, ilikuwa na sehemu ya kupandisha okteni kwa kichocheo, yaani ukoo ule wa Haensel wa 1949. Sehemu ya kupasua haikuwepo. Kile kitu cha Baton Rouge cha 1942 hakikuwahi kufungwa pale. Maana yake kila pipa lililoingia, sehemu kubwa ilitoka machicha, mafuta mazito ya kuchomea, ambayo kwa kawaida sokoni bei yake iko chini ya mafuta ghafi yenyewe. Unanunua nazi nzima kwa bei ya nazi, unauza tui, halafu machicha unayauza kwa hasara kila siku ya Mungu, huku mwenzako wa India au wa Ghuba ana mashine inayogeuza machicha kuwa tui na analeta mzigo wake kwa meli hadi bandari yako ya Kilindini. Hapo hata ungemweka malaika awe meneja asingetoboa.

Na sasa jiulize, hataza ndo iliyozuia? Ile ya 1948 kwa sheria ya Marekani ya wakati ule ilidumu miaka 17 tangu kutolewa, ikafa 1965. Mtambo wa pili wa Changamwe unawashwa 1974, miaka 9 imepita. Ya zeolaiti ya 1964 ikafa 1981. Essar wanaingia 2009 zote ni marehemu wa siku nyingi, mtu yeyote duniani anaruhusiwa kujenga kama zilivyoandikwa bila kumlipa yeyote hata senti. Hakuna wakili aliyesimama getini Changamwe akasema msipasue.

Kilichozuia ni vitu vingine, na ni vigumu kuliko karatasi. Mtambo wa kupasua unataka mamia ya mamilioni ya dola na unataka mafuta mengi ya kupasua, kiwanda kidogo hakiurudishi mtaji, ndo maana Dangote alipojenga rifainari yake Lekki, Nigeria, alijenga ya mapipa 650,000 kwa siku, na ndo maana Uganda na mapipa yao 60,000 pale Hoima wamehangaika miaka na miaka kupata mtu wa kuweka hela. Na kuna ujuzi wa mkono ambao hauandikwi kwenye hataza. Hataza inakwambia unga wako uwe na chembe ndogo kiasi gani na joto liwe kati ya hapa na pale, haikwambii mlio wa bomba ukibadilika usiku wa manane unafunga nini kwanza. Huo ujuzi unakaa kwa watu, na watu wetu wa Changamwe na Kigamboni waliokuwa nao tukawaacha wakastaafu, wakaenda kulima, wengine wameshazikwa. Hilo linaniuma kuliko hadithi zote za hataza.

Nisiwe muongo lakini, hataza bado zina meno mahali pamoja. Ule unga unapozunguka unasagika, mwingine unapotea na gesi, mwingine unachakaa, kwa hiyo kila siku lazima uongeze mpya, na mapishi ya unga mpya yanaboreshwa na kusajiliwa upya kila wakati. Ni kama mashine ya kuchapisha na wino wake, mashine unainunua mara moja, wino unaununua mpaka unazeeka. Kwa hiyo siku Hoima ikiwaka, fedha ya kudumu kwa mwenye teknolojia itatoka huko kwenye vichocheo, na kama kuna mtu Makerere au Dodoma anatafuta pa kuanzia, aanzie hapo, asianze na mnara.

Sasa geukia angani. Nimechagua shabaha kwa sababu zinaonyesha upande wa pili wa shilingi. Kwenye mafuta mwenye hataza alikuwa na wateja wengi, kila rifainari duniani, kwa hiyo karatasi yake ilikuwa na thamani. Kwenye shabaha za kijeshi mteja ni mmoja tu, serikali, na mteja akiwa mmoja hesabu yote inabadilika.

Nikola Tesla alipata hataza Novemba 1898, namba 613,809, ya kuongoza chombo kwa redio. Aliionyesha New York kwa kiboti kidogo kwenye dimbwi, watu wakashangaa, na kwenye hataza hakuishia kwenye mashua, aliandika vyombo vya majini na magari pia. Jeshi halikununua. Miaka 17 ikapita, 1915 hataza ikafa. Machi 1917 Muingereza Archibald Low anarusha kindege chake cha kuongozwa kwa redio pale Upavon, wanakiita Aerial Target, shabaha ya angani, na jina lenyewe lilikuwa la kuwapoteza maboya Wajerumani maana lengo halisi lilikuwa bomu linaloruka. Tesla hakupata chochote kwenye hilo, saa ilikuwa imeshamalizika. Saa ya hataza inaanza kuhesabu iwe mteja yupo au hayupo, na mimi nawaza ni watu wangapi huku kwetu wanalipia ada kila mwaka kwa kitu ambacho mteja wake hajazaliwa bado.

Kabla ya hizo ndege za rimoti, wapigaji mizinga walikuwa wanajifunzia kwenye kitambaa kirefu kama soksi kinachoburutwa na ndege yenye rubani. Marekani kwenye Vita vya Pili kazi hiyo pale Camp Davis, North Carolina, walipewa marubani wanawake, kundi la WASP, unaendesha ndege, nyuma yako unavuta soksi, na chini kuna vijana wasiojua kulenga vizuri wanapiga risasi za kweli. Risasi nyingine zilipata ndege zenyewe. Ukishalijua hilo huwezi kuiona shabaha isiyo na rubani kama mchezo wa watoto, ilikuwa ni kumtoa mtu kwenye njia ya risasi.

Waingereza 1935 wakarusha Queen Bee, ndege ya mbao inayoongozwa kwa redio, Malkia wa Nyuki. Wamarekani walipoiona wakataka ya kwao, na wao wakaita drone, yaani dume la nyuki, kwa heshima ya yule malkia. Droni zote mnazoziona harusini zinapiga picha, jina limetoka kwenye ndege iliyotengenezwa ili ipigwe risasi.

Halafu kuna Reginald Denny. Mwigizaji wa Uingereza aliyehamia Hollywood, anapenda vindege vya kuchezea, akafungua duka lake kule Hollywood Boulevard miaka ya 30 na akaanza kuwaza, hivi hiki kindege kwa nini kisiwe shabaha ya wapiga mizinga. Akaanza kulionyesha jeshi katikati ya miaka ya 30, kindege kikaanguka, akarekebisha, akanunua muundo na injini kutoka kwa Walter Righter, akaonyesha tena, huku anaendelea kuigiza. Oda ya maana ikaja 1940. Miaka mitano hivi ya kumbembeleza mteja mmoja, na hakuwa na mteja wa pili wa kumkimbilia. Vita ilipoisha kampuni yake, Radioplane, ilikuwa imetoa karibu ndege 15,000. Ile iliyoitwa OQ-2 ilikuwa na mabawa yasiyofika mita 4, injini ndogo ya silinda mbili, inarushwa kwa manati na inarudi chini kwa parachuti kama haikupigwa. Kuna picha maarufu ya 1945 ya mfanyakazi wa kiwanda hicho ameshika propela, ni Marilyn Monroe kabla hajawa Marilyn Monroe, dunia inamkumbuka yeye, mimi kila nikiiona naangalia propela.

Kilichomlinda Denny, kwa maoni yangu, ni mkataba, na kiwanda kilichoweza kutoa ndege nyingi kuliko mwingine yeyote aliyekuwepo. Hata angekuwa na mafurushi ya hataza, serikali ikisema haitaki angemuuzia nani? Na kwenye mambo ya kijeshi kuna jambo lingine, Marekani wana sheria ya 1951 inayoruhusu serikali kuamuru ombi la hataza lifungiwe lisitangazwe kabisa. Hapo ile maana nzima ya hataza, kwamba nikulinde miaka kadhaa na wewe uwaambie watu wote ulivyofanya, inasimama. Mwaka huo huo 1951 Ryan wakarusha Firebee, shabaha ya injini ya jeti, na kuanzia 1964 ndege za ukoo huo zikawa zinapeleleza juu ya China na Vietnam. Kitu kilichozaliwa kupigwa kikawa kinapiga picha. Na leo Rwanda, tangu 2016, kuna vindege vya Zipline vinarushwa kwa manati pale Muhanga vinaangusha damu hospitalini kwa parachuti, manati na parachuti zile zile za akina Denny, hakuna anayedaiwa mrabaha wa wazo hilo kwa sababu limeshakuwa la kila mtu.

Sasa kwa nini yote haya yananihusu. Kuna kijana mtaani kwetu Mbagala, mchomeleaji, mwaka juzi alitengeneza pipa la kuchemshia plastiki. Anakusanya mifuko na vindoo vilivyovunjika, anafunga pipa hewa isiingie, anachemsha, mvuke unapita kwenye bomba lililozama kwenye maji, anapata mafuta. Sio kitu cha kufanyia nyumbani, ule moshi ni sumu na likivuja linalipuka, na yeye mwenyewe ana kovu la mkononi la kumkumbusha. Alichotaka ni hataza. Akapata mtu aliyejiita mshauri, simtaji, akamlipa karibu akiba yake yote, akapewa karatasi yenye mhuri ambayo ukiisoma vizuri ni jina la biashara tu limesajiliwa. Akaiweka fremu.

Alipokuja kwangu nilimwambia ukweli ambao haukuwa mtamu. Kwanza, hataza ni ya nchi kwa nchi. Ukisajili BRELA umelindwa Bara, Zanzibar wana sheria yao na usajili wao, ukitaka Kenya, Uganda na Rwanda unaweza kupitia ARIPO, shirika la Afrika la mambo ya hataza, kule Harare ukaomba mara moja ukataja nchi unazotaka, lakini kila nchi ina gharama. Pili, lazima kitu kiwe kipya duniani, sio kipya Mbagala, na kuchemsha plastiki kupata mafuta kuna hataza lukuki kuanzia zamani. Tatu, hata ukipata, nani atakulipa? Wateja wako ni wenye bajaji na mashine za kusaga, nani kati yao atakuwa ananunua leseni?

Akanyamaza muda. Halafu akaniuliza, kaka, hizo hataza lukuki, tunaruhusiwa kuzisoma?

Hapo ndo nikajua huyu ataenda mbali. Tukakaa na simu yangu jioni tatu. Shida yake kubwa ilikuwa kwamba mafuta yake yanaganda kama nta, mazito, injini inakohoa. Yaani machicha. Na sisi tunasoma za zamani zilizokwisha muda, tunafika kwa Houdry, tunafika kwenye ule udongo wa asidi, nikamwona ameweka kidole kwenye mchoro, kwenye lile tangi la udongo, akasema hapa mvuke unapita kwenye udongo kwanza kabla ya kwenda kupoa, mimi wangu unaenda kupoa moja kwa moja. Hakuelewa Kiingereza chote, mchoro aliuelewa kuliko mimi.

Udongo mweupe wa kaolini upo Pugu, ni kati ya akiba kubwa za kaolini tulizonazo, umekaa hapo nyuma ya Dar miaka yote, na kaolini ndo moja ya malighafi ambazo wakubwa wanatengenezea vichocheo vya kupasulia mafuta hadi leo. Sisemi ukiuchota tu ukautupia kwenye pipa utafanya kazi, unatakiwa kuoshwa kwa asidi, kukaushwa, kuchomwa kwa joto la kujua, na asidi yenyewe sio ya kushika hovyo, kwa hilo nimemuunganisha na mwalimu wa kemia ninayemwamini ili asifanye peke yake. Ila wazo limo kwenye karatasi ya miaka karibu 90 ambayo haina mwenyewe tena.

Jumamosi iliyopita alienda Pugu na kiroba. Jioni akanitumia picha, udongo mweupe ameuanika kwenye turubai uwani kwao, na pembeni lile pipa lake amelikata shingo, ameanza kuchomelea chumba kipya juu ya mdomo wa bomba. Akaandika chini, "kaka hapa ndo utakaa, nilikuwa nauliza wavu wa kuushikilia niweke wa tundu ngapi". Nimerudi kwenye michoro kuangalia.